Jibu: Mbunge wa Ujerumani anaweza kupanda kwa kujua fedha tu, bila uwaziri?

Mkuu, umeuliza kama Ujerumani mbunge asiye waziri wala sura ya kwenye TV anaweza kufika mbali kwa kujua hesabu. Mimi ni mhasibu, nafanya kazi ofisi ya mshauri wa kodi huku Westfalen, magharibi mwa Ujerumani, na mfano ninao jirani: Ralph Brinkhaus wa chama cha kihafidhina cha CDU, jimbo la Gütersloh.

Kabla ya ubunge naye alikuwa mshauri wa kodi. Huku hicho si cheo cha kubandika mlangoni. Mtihani wake hufelisha karibu nusu ya watahiniwa, na mabosi wangu bado wanausimulia kama wazee wetu wanavyosimulia JKT. Aliingia Bundestag, yaani Bunge la Ujerumani, mwaka 2009, mabenki yakiwa bado yanauguza mgogoro wa fedha, akapelekwa Kamati ya Fedha.

Usiichanganye na ya Bajeti. Ile inaamua matumizi. Hii inashika sheria za kodi, mabenki na bima, na kwa kawaida hukutana faragha. Nimewahi kukaa jukwaa la wageni pale Berlin (simu unaiacha kabla ya kuingia) wakati wa mjadala wa kodi. Viti vitupu kibao, waliokuwepo wanabishana vifungu wao kwa wao. Ungedhani Bunge limelala, kumbe kazi ilishamalizwa kamatini.

Mtu wa namba anachuma mtaji wake huko. Mbunge wa kilimo akibanwa jimboni kuhusu kodi ya urithi, atamkimbilia nani? Kuanzia 2014 Brinkhaus alikuwa naibu mwenyekiti wa wabunge wa CDU/CSU (CDU na chama ndugu cha Bavaria, CSU, kambi moja bungeni), upande wa bajeti na fedha. Mwaka uliofuata ukaja mkopo wa tatu wa kuiokoa Ugiriki, na wabunge 63 wa kambi yake wakapiga kura ya hapana. Mwenyekiti wao, Volker Kauder, alikuwa ameshaonya kwamba waasi hawawezi kubaki kwenye kamati nyeti kama ya Bajeti. Wengi waliimeza ile kauli, lakini haikushuka.

Tarehe 25 Septemba 2018 Brinkhaus akagombea kiti cha Kauder, aliyekikalia miaka 13 na aliyekuwa na baraka za Kansela wa wakati huo, Merkel, hadharani. Kura ya siri: 125 kwa 112. Watu walipigwa butwaa. Mimi naona hesabu ilikuwa wazi: alikuwa amezungumza na wenzake mmoja mmoja, bila makelele.

Ila hapo ndipo ukomo wa njia hiyo. Uchaguzi wa 2021 CDU/CSU waliambulia asilimia 24.1, naye Brinkhaus akapewa muda wa kukikalia kiti hicho hadi Aprili 2022 tu. Friedrich Merz aliposhinda uenyekiti wa chama kwa kura za wanachama, alikitaka na kiti cha mwenyekiti wa wabunge. Brinkhaus akampisha, Februari 2022. Merz naye ni mtu wa fedha, yule wa ahadi ya kujaza hesabu za kodi kwenye kipande cha karatasi cha kuwekea glasi ya bia (ofisini kwetu bado ni utani). Tofauti ni kwamba Merz alikuwa na jeshi la wanachama mikoani. Brinkhaus alikuwa na wabunge wenzake basi.

Bado yumo bungeni, sasa anashughulika na udijitali na kuifanya serikali iwe ya kisasa. Sisi tunaopokea makadirio ya kodi kwa posta tunamsubiri kwa hamu.