Vijana wanapenda sura za Harlem tu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kikundi chetu hapa Morogoro kinasoma kitabu cha maisha ya Malcolm X, mwanaharakati Mweusi wa Marekani. Vijana wanashabikia sura za Harlem tu, ule mtaa wa Weusi wa New York: bangi, wizi, kuwapeleka wazungu kwa makahaba. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Usiwakemee, nakala yangu mwenyewe imechakaa kurasa hizohizo, za gerezani bado nyeupe pe! Waulize nani anasimulia. Kitabu kilitoka 1965, mwenyewe ameshauawa. Aliyemsimulia mwandishi Alex Haley ni Malcolm mhubiri, si yule mhuni aliyefungwa 1946. Kisha wanakili kwa mkono ukurasa wa kwanza wa kamusi, kama yeye gerezani. Neno lililomganda ni la Kiingereza, "aardvark", yaani muhanga, yule mnyama mla mchwa! Na wale wanawake, makahaba wa Harlem? Hawasikiki. Kijana mmoja aandike ukurasa kwa sauti yao.