Ukizidisha Tween 20, mafuta hupanda haraka zaidi

Ndugu, umesema emalsheni yako (matone ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji) ina kaseineti ya sodiamu, chumvi ya kaseini, yaani protini ya maziwa, na kila ukiongeza Tween 20, ambayo ni safaktanti (dutu kama sabuni inayokaa kati ya mafuta na maji), tabaka la krimu linajitenga juu mapema zaidi. Wala si ajabu.

Kwa kanuni ya Stokes, kasi ya tone kupanda hufuata mraba wa kipenyo chake: ukikipunguza kwa nusu, kasi inashuka hadi robo. Safaktanti ina molekuli ndogo zinazofunika uso wa tone upesi, ndiyo maana mwanzoni inasaidia matone yabaki madogo. Uso ukishajaa, ziada hubaki majini na kujikusanya kuwa miseli, yaani vifungu vidogo vya molekuli. Nadhani shida yako iko hapa. Miseli haziwezi kuingia kwenye mwanya mwembamba kati ya matone mawili yaliyokaribiana, basi shinikizo la osmosi la nje (msukumo wa maji yenye miseli yanayoyazunguka) huyasukuma yashikamane. Vishada vya matone hupanda kama tone moja kubwa. Kaseineti iliyozidi nayo hufanya vivyo hivyo, tena Tween 20 huing'oa kwenye uso wa matone na kuiongeza majini.

Mimi ningerudi kwenye kaseineti peke yake, kiasi cha kufunika uso tu, na pH mbali na 4.6, maana hapo kaseini hugandana. Kisha zimua sampuli kwa maji na uitazame kwa hadubini: vishada vikiachana, punguza ziada; ukiona matone yenyewe ni makubwa, ongeza shinikizo la homojenaiza, mashine ya kupasua matone yawe madogo.