Kabati lenye milango miwili

Korogwe, Jumapili jioni

Mama,

Barua yako nimeipata, pamoja na zile kurasa ulizonichapia kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yangu. Mama yako anakusalimu, anasema usivue soksi hata ndani ya nyumba. Umeniuliza swali moja: daktari anayemsaidia mgonjwa kujiua, sheria imwadhibu kama mhalifu? Ukanionya, nijibu ndiyo au hapana, nisikuletee hadithi. Jibu la ndiyo au hapana ungemuuliza mwanasheria, na mwanasheria wa nyumba hii ni wewe.

Nianze na yule daktari wa huko Uholanzi, Geertruida Postma. Ukurasa wake nimeusoma mara tatu. Mama yake mzazi amepatwa na kiharusi, nusu ya mwili haina kazi, masikio hayasikii, kwenye makao ya wazee wanamfunga kitini asianguke, na kila mara anamwomba bintiye amwondoe duniani. Mwaka 1971 binti akamchoma sindano ya morfini, ile dawa kali ya maumivu, mama akaondoka. Mwaka 1973 mahakama ya Leeuwarden ikamtia hatiani, ikampa kifungo cha wiki moja, nacho cha nje. Wiki moja! Kwetu aliyeiba kuku hukaa ndani zaidi ya hapo akingoja kesi kutajwa. Wewe pembeni umeandika kwa kalamu kwamba sheria yao yote imeanzia hapo. Sawa. Mimi niliona mtu na mama yake, na dawa mkononi.

Unajua ninakokwenda, na nisamehe. Mwaka 2004 ulikuwa bweni, tukakuficha mengi.

Kabati la DDA, lile la dawa za hatari, pale wodini nilipokuwa muuguzi lilikuwa na mlango ndani ya mlango, kila mmoja na ufunguo wake. Nikiwa zamu, funguo zote mbili nilizifunga kiunoni kwa kamba ya kiatu. Bibi yako, ambaye jina lake unalo, alilala kitanda cha pili kutoka dirishani. Saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshafika mgongoni. Daktari alimwandikia pethidini, sindano ya maumivu, kila baada ya saa 6. Pethidini haifiki saa 6, Mama. Ikijitahidi sana ni saa 3 au 4, baada ya hapo mgonjwa anabaki kuhesabu mabati. Morfini hakuandika. Siku zile madaktari wetu wengi waliiogopa morfini kuliko walivyoiogopa saratani yenyewe. Mgonjwa atazoea, walisema, au atasahau kupumua, kisha nani ataulizwa?

Usiku mmoja nilimkuta anauma pindo la khanga asije akawaamsha wenzake. Akanishika mkono, akanitazama kiunoni, akasema, "Si una funguo wewe?"

Nilielewa alichoomba, au nilidhani nimeelewa. Nikamjibu, "Mama, saa bado." Kwa sauti ileile niliyowajibu ndugu wa wagonjwa waliokuja nje ya muda wa kutazama. Kitendo cha kumkatalia naweza kukitetea mpaka kesho. Sauti ile siwezi.

Nikaenda mezani, nikakaa, nikainuka. Nikafungua milango yote miwili. Ilikuwa saa 10 na nusu usiku, sindano yake iliandikwa ya saa 12 asubuhi. Nikamchoma dozi yake ileile, si tone zaidi, na kitabuni nikaandika saa 12. Hesabu ya ampuli ilitimia. Saa ndiyo ilidanganya. Asubuhi daktari alipopita alimkuta bibi yako anakoroma, jambo ambalo hakuwahi kulikuta saa ile. Akafungua kitabu, akasoma, akanitazama, akakifunga, akaenda kitanda cha tatu. Mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma au uchovu wa zamu.

Siku tatu baadaye daktari huyohuyo akaandika barua, na baba yako mdogo akapanda basi na barua hiyo mpaka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Akarudi Ubungo–Korogwe na chupa ya plastiki ya morfini ya kunywa, ameikumbatia njia nzima kama mtoto mchanga. Kijiko kila baada ya saa 4, mchana na usiku, bila kungoja maumivu yaje kwanza. Siku ya pili bibi yako akaomba bada na kisamvu. Siku ya nne akauliza nani anakama mbuzi wake, akaambiwa, akatukana. Aliishi wiki 7 nyingine, akasukwa nywele, akamgombeza mama yako juu ya khanga iliyopotea, ambayo kumbe aliilalia mwenyewe. Funguo hakuzitaja tena.

Ndiyo maana nasema, na najua kaka yako ananiigiza mkiwa mmekaa: anayeomba kufa, muulize kwanza anaumwa wapi.

Sasa umenikumbusha kifungu cha 216 cha Kanuni yetu ya Adhabu: anayemsaidia mtu kujiua, kifungo cha maisha. Nakuuliza wewe uliyesoma: kitisho kikubwa namna hiyo, anakisikia nani? Anayetaka kuua kweli hakisikii. Anakisikia yule daktari mwoga, mwenye watoto shuleni, aliyeshika kalamu juu ya faili ya mama yangu na kuandika pethidini. Hakuna aliyemshtaki mtu kwa morfini pale kwetu, lakini hofu haihitaji kesi. Kwa hiyo ungeniuliza usiku ule, ningekwambia kifuteni.

Halafu namkumbuka mzee wa kitanda cha 9, ambaye wanawe walishauza shamba la Mombo. Kila jioni walisimama miguuni pake wakiniuliza, akiwasikia, "Hii itachukua muda gani?" Mzee kama huyo huhitaji hata kumshawishi. Mtazame tu siku 6 mfululizo, ya 7 ataomba mwenyewe, na ataomba kwa adabu. Huko kwenu Uholanzi tangu 2002 daktari akifuata masharti na kutoa taarifa hashtakiwi, na kamati yenye mwanasheria, daktari na mtu wa maadili inasoma faili yake. Inasoma baada ya mgonjwa kuzikwa, Mama. Nani atakuwa amewaona wale vijana miguuni?

Na huyu Jack Kevorkian wa Michigan, Marekani, daktari aliyewasaidia wagonjwa kujiua, uliyeniwekea mwishoni, sikumpenda. Mtaalamu wa patholojia, watu wake ni maiti, na mwaka 1990 mgonjwa wake wa kwanza, mama wa miaka 54, anamfia ndani ya gari. Kwenye gari! Hata shuka la kutandika vizuri hakuna. Mara tatu wazee wa baraza wa huko wakamwachia, mpaka alipomchoma mtu kwa mkono wake mwenyewe, akajirekodi, ikaonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1998. Akahukumiwa kwa mauaji, akakaa ndani miaka 8. Hapo moyo wangu haukusita, nikasema alistahili. Kisha nikasoma kwamba yule wa mwisho alikuwa na ugonjwa wa kuishiwa misuli, na nikaweka karatasi chini.

Kwa sababu mjomba wako alikuwa nao huohuo. Ulimwona alipofikia, shingo haishiki, mate yanamkaba. Nilimuuliza kama ninavyowauliza wote, anaumwa wapi. Bado kidole kimoja kilikuwa kinaandika. Akaandika kwenye daftari la mtoto: "Siumwi. Nimechoka." Sikuwa na chupa ya hiyo, na Ocean Road hawana. Nilimgeuza ubavu, nikamfuta mdomo, nikamsomea matokeo ya mpira. Mchungaji akisema uhai si wetu, naitikia amina na namaanisha. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi vitanda nilivitandika tu.

Mama wa Postma nilimfikiria tena jana usiku. Kiti kile. Mimi ningemfungua kamba kwanza, nikamtoa nje kwenye jua, nikaona atasema nini. Labda angesema lilelile.

Ulitaka ndiyo au hapana. Neno nililiandika hapa chini, nikalikata kwa wino. Usiinue karatasi kwenye taa, kama ulivyokuwa ukifanya na bahasha za matokeo.

Baba yako