Wembamba haukingi presha

Dada wa Ujiji, umeuliza kama wembamba wako unakukinga na presha, maana baba alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 50. Haukukingi. Presha mara nyingi haina dalili, kwa hiyo kapime, hata zahanati ya jirani inatosha. Ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo imepanda. Waambie wakupime na sukari.

Urithi hubadilishi, chumvi unaweza: Shirika la Afya Duniani linashauri isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na samaki wa chumvi humaliza sehemu kubwa. Waloweke, mwaga maji. Dagaa wa kuanikwa juani, wasiotiwa chumvi, kula. Mawese (nani Kigoma atayaacha?) pima kwa kijiko; karibu nusu yake ni mafuta yanayopandisha kolesteroli (mafuta ya kwenye damu). Sigara, kama unavuta, anza nayo hiyo.