Faini kwa wachezaji: niliyoyaona nikiwa meneja wa timu

Mkuu, umeuliza kama timu yenu ya Championship, yaani daraja la pili hapa Tanzania, ikipandisha faini ya kutoroka kambini hadi laki moja vijana watatulia. Hawatatulia. Nimekuwa meneja wa timu ya ngazi hiyohiyo kwa misimu kadhaa na daftari la faini lilikuwa mkononi mwangu, kwa hiyo nakupa niliyoyaona.

Kwetu kulikuwa na faini za aina mbili. Za kwanza ni za uongozi, zinakuja kwa barua yenye muhuri: kutoroka kambini, kumtukana mwalimu (kocha), kugomea mazoezi. Zilikuwa nzito, na utaratibu wake ulikuwa mmoja tu, "utakatwa kwenye mshahara." Sasa mshahara wenyewe uko wapi? Winga wetu mmoja alirudi kambini alfajiri, akapewa barua, akaisoma taratibu mpaka kwenye sahihi ya katibu, kisha akaniambia, "Meneja, nikateni tu kwenye lile deni langu." Chumba kizima kiliangua kicheko. Klabu ilikuwa inadaiwa na kijana huyu miezi mitatu, ingemtisha kwa lipi?

Halafu kuna upande wa sheria ambao viongozi wetu wanaudharau, hasa mkiwa na wachezaji wa kigeni. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 14bis, zinampa mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili haki ya kuvunja mkataba, akishaiandikia klabu na kuipa siku 15 za kulipa. Kiongozi anadhani atajitetea kwa kusema "tulimtoza faini, tumelingana." FIFA imeshaikataa hesabu hiyo mara nyingi: faini iliyopita kiasi haifuti deni la mshahara. Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimpi mwajiri uhuru wa kukata mshahara wa mtu anavyotaka.

Aina ya pili zilikuwa faini za wachezaji wenyewe, na hizi alizishika nahodha. Kuchelewa mazoezi elfu mbili, simu kuita kwenye kikao buku, kusahau vifaa buku. Unalipa hapohapo, taslimu au kwa simu, na pesa inaingia kwenye mfuko wa misiba na pilau ya mwisho wa mwezi. Ziliheshimiwa kuliko barua zote za katibu, kwa sababu aliyekuwa anakudai ni mtu mnayelala chumba kimoja na atakukumbusha mbele ya wenzako mpaka utoe. Mwaka 2019, Frank Lampard akiwa kocha wa Chelsea, orodha yao ya faini ilivuja: pauni 20,000 kwa kuchelewa mazoezi, pauni 500 kwa kila dakika ya kuchelewa kikao cha timu. Watu walishangaa tarakimu, mimi nilicheka kuona ni daftari letu lilelile, limeongezwa sifuri tu.

Ila hata hizo zilikuwa na tundu. Mshambuliaji wetu aliyekuwa na dau nono la usajili alimfuata nahodha Jumatatu, akamwekea elfu kumi mkononi: "Hii ya wiki nzima, kiongozi." Akawa ameshanunua ruhusa ya kuchelewa! Wengine nao wakaanza kuulizia punguzo. Mwalimu hakupandisha bei. Alimweka benchi mechi mbili mfululizo, na jamaa akaanza kufika uwanjani kabla ya mtunza vifaa.

Jambo jingine ni nani hasa anayelipa. Mfungaji wetu akitozwa faini, mashabiki walikuwa wanachangishana na kufikia usiku pesa iko kwenye simu yake, wakati mwingine na chenji juu. Hata zile adhabu za Kamati ya saa 72, ile inayosimamia ligi, tulizozizoea, mechi tatu na faini ya shilingi 500,000, upande wa faini klabu yetu ilikuwa inalipa kimyakimya. Ulaya ni yaleyale. Euro 2012 mshambuliaji wa Denmark, Nicklas Bendtner, alionyesha chupi ya kampuni ya kamari baada ya kufunga bao dhidi ya Ureno, UEFA ikamtoza euro 100,000 na kumfungia mechi moja. Kampuni yenyewe ikasema faini italipa yenyewe. Mechi hakuna aliyeweza kumtumikia.

Na pale kwenye pesa nyingi, mikono ya klabu imefungwa. Septemba 2011 mshambuliaji wa Manchester City, Carlos Tévez, aliingia kwenye mgogoro na kocha wake Roberto Mancini kule Munich, kocha akisema amekataa kuingia uwanjani. Klabu ilitaka kumkata mshahara wa wiki nne, lakini chama cha wachezaji wa Uingereza kikasimamia kikomo cha wiki mbili. Baadaye akaondoka bila ruhusa kwenda Argentina, akakaa huko miezi, na iliripotiwa kwamba mishahara, bonasi na faini alizopoteza zilifika kama pauni milioni 9.3. Hazikumrudisha. Ninavyoona mimi, alirudi kwa sababu dirisha la Januari lilifungwa bila klabu kumnunua. Februari akaomba radhi, Aprili akaifunga Norwich mabao matatu, Mei akavaa medali ya ubingwa.

Kuna atakayeniuliza kuhusu Luis Suárez, mshambuliaji wa Uruguay, na kweli huyo ananiharibia hoja kidogo. Alimng'ata mtu Uholanzi mwaka 2010 akafungiwa mechi 7, akang'ata akiwa Liverpool mwaka 2013 akafungiwa 10, akang'ata tena Kombe la Dunia 2014. Kwa hiyo hata kumtoa mtu uwanjani si dawa ya kila ugonjwa. Ila faini ndiyo haikumgusa kabisa.

Kwenu ningefanya hivi. Laki moja iacheni. Andikeni kwenye mkataba, mapema, kwamba anayetoroka kambini haingii kwenye kikosi cha mechi inayofuata, na asiye kikosini hana bonasi ya mechi hiyo. Hapo hujamkata mtu shilingi yake, ni pesa ambayo hajaifanyia kazi. Lakini hiyo inataka bonasi itolewe siku ileile ya mechi, vyumbani, mbele ya aliyekosa. Mkiahidi ya wiki ijayo mmerudi kwa winga wangu na deni lake. Kingine, kamati ya utendaji ikubali kabla ligi haijaanza kwamba mwalimu anaweza kumwacha hata mfungaji wenu bora kwenye mechi ya kupanda daraja, na mwenyekiti asimpigie simu usiku.