Ctrl+C kwenye pasiwedi: iache terminali kama ulivyoikuta

Sisi tunaotengeneza vijiprogramu vya kufunga mafaili kwa pasiwedi tunahangaika na AES (hesabu za kufunga data) usiku kucha, halafu pale mtumiaji anapoulizwa pasiwedi tunapapita tu kama hapana kazi. Ofisi za utalii hapa Arusha zinakaa na skani za paspoti za wageni wanaopanda Kilimanjaro, na dada wa ofisi moja kule Njiro alinipigia, "kaka, laptopu imegoma, naandika hakuna kinachotokea." Alikosea pasiwedi katikati akabonyeza Ctrl+C, basi. Laptopu ilikuwa nzima, herufi zinaingia ila hazionekani, nikamwambia dada andika hivyo hivyo bila kuona, stty sane (amri ya kurudisha terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwenye hali ya kawaida), halafu Enter, ikigoma Ctrl+J. Ikarudi.

Iko hivi: programu ikiuliza pasiwedi inazima ECHO (kule kuonyesha unachoandika) kwa tcsetattr ili herufi zisionekane, na hiyo mipangilio ni ya terminali yenyewe, siyo ya programu, kwa hiyo SIGINT (signali inayotumwa na Ctrl+C) ikija programu ikafa kabla ya kuiwasha tena, inabaki imezimwa.

Na hapa ndo panapodanganya watu. Ukijaribu kwenye bash (shell, yaani programu inayopokea amri zako kwenye terminali) unaona mbona fresh tu, kwa sababu bash ikiona programu imeuawa na signali inarudisha mipangilio yenyewe. Ila programu ikiidaka SIGINT halafu ikatoka kwa exit ya kawaida bila kurudisha ECHO, bash inachukulia ulitaka iwe hivyo, inakuachia hivyo hivyo. Yaani kuidaka signali nusu nusu ni kubaya kuliko kutoidaka kabisa.

Ushauri wangu, ile fanksheni inayopokea signali isifanye kitu zaidi ya kuandika namba ya signali kwenye variabo ya volatile sig_atomic_t, mwisho. Usiweke printf, usiweke free, maana signali inaweza kukukuta katikati ya malloc na programu ikaganda hapo hapo. Tumia sigaction bila SA_RESTART ili read inayosubiri pasiwedi ikatike na EINTR (kosa la kukatizwa) badala ya kuendelea kusubiri, ndo urudi kwenye kodi ya kawaida, ufute bafa ya pasiwedi (pale ilipowekwa kwenye memori) kwa explicit_bzero (memset ya mwishoni kompaila inaweza kuiruka ikiona hakuna anayeisoma tena), urudishe terminali kwa ile nakala ya mipangilio uliyochukua na tcgetattr mwanzoni.

Ukishasafisha usitoke na exit! Rudisha SIGINT kwenye SIG_DFL (tabia yake ya kawaida, kuua programu) halafu jitumie mwenyewe kwa raise, ufe na signali ile ile. Hili watu wanaliona urembo lakini fikiria skripti ya bash yenye for inayofunga faili za wageni arobaini, mtu anabonyeza Ctrl+C anataka kuacha, programu inatoka na exit(130) ikidhani ina adabu, bash inasema aah huyu ameshughulikia mwenyewe, inaenda faili linalofuata, anaulizwa pasiwedi tena, na tena, na tena. Ukifa na signali kweli loop nzima inasimama.

Ctrl+Z nayo wengi wanaisahau. Mtu akisimamisha programu kwenye pasiwedi, rudisha ECHO kabla hujalala, na akirudi na fg uizime tena kabla ya kuuliza upya, la sivyo pasiwedi inaandikwa wazi kwenye kioo na mteja amesimama nyuma yake. Kama hutaki kichwa kuuma tumia readpassphrase ya OpenBSD, Linux unaipata kupitia libbsd, hayo ya signali na terminali inayafanya, kufuta bafa tu ndo kunabaki juu yako. getpass ya zamani achana nayo.

kill -9 (kuua programu kwa lazima) haidakiki, usipoteze muda nayo, kwa hiyo andika matokeo kwenye faili la muda, piga fsync ili yafike kweli kwenye diski, na ufanye rename mwishoni kabisa, ili faili la asili lisiguswe hata umeme ukikatika.

Kujaribu ni rahisi: piga stty -a (inaonyesha mipangilio ya terminali) kabla, bonyeza Ctrl+C kwenye pasiwedi, piga stty -a tena, ukiona -echo, yaani ECHO imezimwa, kuna kitu umeruka. Na ujaribie kwenye dash (shell nyingine) pia, yenyewe haikusaidii kurudisha chochote.