Boti Yangu Inarudia Jibu Lile Lile

SWALI: Ndugu mjibu maswali, mimi ni mfugaji wa kuku hapa Morogoro, na ndiye ninayesimamia kundi letu la Telegram, ambalo sasa limevamiwa na matapeli wanaotuma viungo vya mikopo usiku wa manane. Nimejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kidogo, nikaandika skripti inayoendesha boti, yaani akaunti inayojiendesha yenyewe, ya kuufuta ujumbe wao. Mtu akiandika /sheria, boti humjibu, lakini hurudia jibu hilo kila baada ya sekunde mbili hadi niizime, na viungo vya matapeli haivioni kabisa. Msimbo wote nimeuambatanisha. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu mfugaji, boti yako, ambayo si ile ya kwenda Unguja, ina kasoro mbili zisizohusiana. Telegram huendelea kukuletea taarifa ile ile, yaani habari ya ujumbe ulioingia, kwa muda usiozidi saa 24, mpaka ukiri kwamba umeipokea. Na namna ya kukiri ni kuchukua update_id, yaani namba ya utambulisho, ya taarifa ya mwisho uliyoishughulikia, kuiongezea 1, kisha kuipeleka namba hiyo kama offset, yaani mahali pa kuanzia, unapoita getUpdates, amri ya kuomba taarifa, mara nyingine. Ikiwa ya mwisho ilikuwa 5120, omba kuanzia 5121. Msimbo uliotuletea hauna offset popote.

Kasoro ya pili haimo katika msimbo. Boti iingiapo kundini kama mwanachama wa kawaida huwa katika hali ya faragha, yaani huona amri zinazoanza na mkwaju, majibu ya ujumbe wake na mambo mengine machache, ndiyo maana /sheria iliifikia na viungo havikuifikia. Wengi hukimbilia BotFather, boti ya Telegram yenyewe ya kusimamia boti nyingine, kuizima hali hiyo, wakasahau kwamba boti sharti itolewe kundini na kurudishwa ndipo badiliko lishike. Wewe usihangaike huko. Kwa kuwa boti haiwezi kufuta ujumbe wa watu bila kuwa msimamizi, ipe usimamizi wenye ruhusa hiyo moja tu ya kufuta, nayo itaanza kuona kila wanachoandika wanachama.

Sasa tuje kwenye viungo vyenyewe. Usichuje kwa neno "mkopo", maana utamfutia mwenzako anayeuliza kwa dhati juu ya mkopo wa vifaranga. Telegram yenyewe hutia alama kila kiungo: pitia entities, yaani orodha ya alama hizo, utafute aina ya url, kiungo kilichoandikwa waziwazi, na ile ya text_link, ambayo ni kiungo kilichofichwa nyuma ya maneno kama "bonyeza hapa". Tapeli mzoefu hutuma picha, na viungo vilivyo katika maelezo ya picha havimo katika entities bali katika caption_entities. Mwingine, na huyu ndiye aliyenichenga mimi wiki nzima, huandika "Habari za jioni, wafugaji", akasubiri msimamizi alale, kisha akauhariri ujumbe wake na kupachika kiungo. Badiliko hilo huja kama edited_message, na skripti isomayo message peke yake hupitwa nalo.

Jambo moja ni la leo leo. Msimbo ulioambatanisha una tokeni yako nzima, yaani ufunguo wa siri wa boti, na yeyote anayeipata anaweza kuiendesha boti kama wewe. Sisi tumeifuta katika nakala yetu, lakini mwandikie BotFather amri ya /revoke, uchukue tokeni mpya, na uiweke katika faili la pembeni usilomtumia mtu, hata sisi.